Kuchagua difu ya ekseli ya mbele kwa gari la foo-wili: anza na gari, kifaa kitafuata

Watu wengi wakishafunga loka (kifaa kinachoifunga difu ili magurudumu yote mawili ya ekseli yazunguke pamoja) kwenye ekseli ya nyuma na kuona gari linapita pale lilipokuwa likikwama, wazo linalofuata ni kununua nyingine ya aina ileile na kuiweka mbele. Naomba usimame kidogo kabla hujafika huko. Magurudumu ya nyuma kazi yake ni kusukuma. Ya mbele yanavuta, yanakata kona, na hafu shafti zake (zile zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu) zina jointi inayopinda kila unapozungusha usukani. Kifaa ambacho nyuma huwezi hata kukihisi, kikiwekwa mbele kinaweza kuufanya usukani mzito kama umefungwa kamba, kikavunja jointi, au kikakutoa barabarani penye utelezi. Nimeona watu wakilaumu kifaa kizuri kwa sababu tu kiliwekwa kwenye gari lisilokifaa.

Difu ya kawaida inafanya nini hasa

Ndani ya difu ya kawaida, ile tunayoiita difu wazi, kuna gia ndogo zinazoliruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani unapokata kona. Gia hizo hugawa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, sawa kwa sawa kulia na kushoto, saa zote. Shida inaanzia hapo. Gurudumu lililo juu ya matope huzunguka kwa torki ndogo sana, na lile linaloshika ardhi vizuri linapewa kiasi kilekile kidogo. Ndiyo maana foo-wili iliyokwama utaiona inazungusha magurudumu mawili tu, moja mbele na moja nyuma, na mengine mawili yametulia juu ya ardhi kavu kabisa.

Utasikia watu wakisema nguvu yote inakimbilia gurudumu linaloteleza. Kinachokimbilia huko ni mzunguko. Torki imebaki sawa pande zote mbili, ila ni ndogo pande zote mbili. Ishike tofauti hiyo, kwa sababu itakusaidia kuelewa kwa nini aina moja ya difu huhitaji uguse breki na nyingine haihitaji.

Hatua ya 1: Ukiwa lami, hafu shafti za mbele zinazunguka au zimetulia?

Hili ndilo swali la kwanza ninalomuuliza mtu, hata kabla ya kumuuliza gari lake ni la aina gani. Majibu yako matatu.

Gari lako linaweza kuwa na habu (vitovu vya magurudumu) za kufunga na kufungua kwa mkono. Kampuni ya Warn ilianza mwaka 1948 kwa kutengeneza habu za namna hii kwa ajili ya Jeep zilizotoka vitani, na wazo lenyewe halijabadilika: ukizifungua, magurudumu yanazunguka peke yake, na shafti, krauni (gia kubwa ya difu) na propela ya mbele (shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu) vyote vinalala. Mwenye habu hizi ana bahati. Ndani ya difu anaweza kuweka karibu kifaa chochote na lami isijue, kwa sababu kwenye lami difu haishiriki.

Jibu la pili ni gari linaloachanisha upande mmoja tu. Toyota wana mfumo wa aina hii kwenye pikapu zao nyingi, na baadhi ya Jeep za zamani zilikuwa na wake unaoendeshwa kwa vakyumu. Hapa shafti ya upande mmoja imekatwa katikati kwa kola inayoteleza. Ukiendesha bila kuingiza foo-wili, gurudumu la upande ulioungwa linazungusha gia ya upande wake, gia ndogo zinageuza mwendo, na kipande kilichoachwa upande wa pili kinazunguka kinyumenyume bila kazi. Krauni imetulia, propela imetulia. Mpango huu unategemea difu iwe wazi. Ukiweka ndani yake loka ya kujifunga yenyewe, kile kipande hakiwezi tena kuzunguka kinyume, kwa hiyo gurudumu moja linaburuta krauni na propela nzima njia yote. Gari litaenda, lakini utasikia mtetemo mpya, na kifaa kitalika kwa kazi ambayo hukukusudia kukipa.

Jibu la tatu ni gari ambalo shafti zake za mbele zinazunguka daima. Humo yamo magari ya foo-wili ya muda wote kama Land Rover Defender, na yamo pia yale ya kuingiza foo-wili ambayo hayana habu za kufungua, kama Jeep Wrangler TJ. Kwa magari haya kila unachoweka mbele utaishi nacho kwenye kila kona.

Kama umenunua gari lililotumika, usidhani unajua kilichomo. Inua magurudumu yote mawili ya mbele kwa jeki, weka stendi imara chini ya ekseli, na zuia ya nyuma kwa vigingi. Funga habu, ingiza foo-wili, na uache gari kwenye gia ili propela ya mbele isisogee. Sasa shika tairi la kushoto kwa mikono miwili ulizungushe polepole. La kulia likizunguka kinyume kwa ulaini, difu ni wazi, au ni loka iliyozimwa, au ni ya gia za mshazari isiyo na mbano wa springi (aina hizi zote nazieleza kwenye Hatua ya 4). Likizunguka kwa ubishi, unahisi kitu kinasuguana ndani, kuna difu ya sahani. Tairi ulilolishika likicheza kidogo kisha likagoma kabisa, loka ya kujifunga imo, au loka ya kuwasha imenasa ikiwa imefunga.

Hatua ya 2: Pima shafti na jointi kabla ya kuipima difu

Chukua gari lenye injini ya Nm 300 (Nm ni kipimo cha torki), gia ya kwanza ya 4 kwa 1, transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) ya chini ya 2.5 kwa 1 na krauni ya 4.1 kwa 1. Zidisha: 300 mara 4 mara 2.5 mara 4.1. Unapata Nm 12,300 kabla ya kutoa zinazopotelea kwenye msuguano. Foo-wili ikishaingizwa kwa transfa isiyo na difu ya katikati, mbele inaweza kupata nusu ya hizo, au zaidi ya nusu kama nyuma inateleza. Kwa difu wazi, fungu la mbele linagawanywa tena mara mbili sawasawa. Kwa difu iliyofungwa, shafti moja inaweza kubeba fungu lote la mbele peke yake.

Kinachoiokoa shafti ni tairi. Gurudumu linalobeba kilo 700, lenye nusu kipenyo cha mita 0.4, juu ya ardhi yenye mshiko wa 0.8, litaanza kuteleza likifikia takribani Nm 2,200. Likiteleza, shafti imepumua. Lakini gurudumu lililobanwa kati ya mawe mawili haliwezi kuteleza, na hapo kikomo cha tairi hakipo tena. Hali mbaya kuliko zote ni hii: unarudi nyuma kupanda mwinuko, uzito wote umekaa juu ya ekseli ya mbele, usukani umekatwa hadi mwisho, gurudumu moja liko hewani na jingine limebanwa, nawe unaongeza mafuta. Mlio wenyewe ni mmoja mkavu, kama tawi kavu linapovunjwa karibu na sikio, na baada ya hapo kila mzunguko unasikia "tak, tak" ya vipande vinavyogongana ndani ya kifundo cha gurudumu.

Jointi ndiyo inayotangulia kwa sababu nguvu yake hupungua kadiri inavyopinda. Jointi za gololi, kizazi cha ile aliyoibuni Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920, zikikatwa hadi mwisho hubebesha mzigo gololi chache, na kizimba kinachozishika ndicho hupasuka. Jointi za krosi zina ugonjwa wake: masikio ya uma hupanuka, kikombe cha beringi kinachomoka, na krosi inabaki inaning'inia. Kwa hiyo kagua kabla hujanunua kitu. Vua gurudumu, tingisha shafti, tazama kama kuna ulegevu kwenye krosi na kama pini za kuzuia vikombe ziko mahali pake. Kwenye jointi za gololi tazama mpira kama umepasuka na kama grisi imegeuka kuwa kijivu chenye chembe za chuma.

Kama mbele pana springi za kila gurudumu kivyake badala ya ekseli nzima, ongeza tahadhari. Hafu shafti hizi huwa nyembamba, kila moja ina jointi mbili, na mbele ikinyanyuka kwa kuvuta, mikono ya saspensheni inashuka na jointi zinapinda zaidi, wakati uleule mzigo unapopanda. Kwa gari la namna hii lenye tairi kubwa kuliko za kiwandani, ushauri wangu ni kuweka loka nzuri nyuma na kuiacha mbele wazi, au kuipa gia za mshazari.

Hatua ya 3: Sema kweli unaendesha wapi

Usiandike ndoto. Hesabu safari zako kumi zilizopita: ngapi zilikuwa za mawe, ngapi za matope, ngapi za mchanga, ngapi za theluji au barafu, na ngapi zilikuwa za lami tu.

Mawe na mabonde yanayonyanyua magurudumu hewani yanataka difu inayoweza kufunga kabisa. Mchanga unataka magurudumu yote yavute taratibu bila moja kujichimbia, na hapo hata kifaa cha wastani, tairi zikipunguzwa upepo, husaidia sana. Matope yako katikati.

Barafu na utelezi wa mteremko wa ubavuni ndivyo vinavyowaponza watu, na ningependa nilieleze hili kwa kirefu kidogo. Difu wazi ikiteleza, gurudumu moja linazunguka ovyo na lile jingine limetulia. Lililotulia halikusukumi mbele, lakini linashika ardhi kwa ubavu na kuizuia ekseli isihame. Difu ikifungwa, yote mawili yanazunguka kwa pamoja, na tairi linalozunguka ovyo halina tena mshiko wa ubavuni. Nyuma, hilo linamaanisha mkia unateremka. Mbele linamaanisha umegeuza usukani na gari linaendelea kunyooka kulekule lilikokuwa likielekea. Kwenye njia nyembamba ya ubavu wa mlima, mwendo wa mita moja wa kunyooka namna hiyo unatosha kukutoa njiani. Kama sehemu kubwa ya uendeshaji wako ni barafu, loka ya kujifunga yenyewe usiiweke mbele hata ukipewa bure.

Hatua ya 4: Zijue aina

Nianze na zile mbili zisizohitaji maneno mengi. Difu ya kuunga moja kwa moja, ambayo kulia na kushoto ni chuma kimoja daima, haifai kwenye ekseli inayokata kona. Difu ya sahani, yenye sahani za msuguano zilizobanwa na springi, ni nzuri nyuma ya magari mengi. Mbele hubana wakati wote, huvuta usukani, huhitaji mafuta yenye kiongezo chake maalumu, na sahani zikilika unabaki na difu wazi uliyoilipia. Siishauri mbele.

Difu ya gia za mshazari ni habari nyingine. Vernon Gleasman ndiye aliyeivumbua ile iliyokuja kuitwa Torsen, mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wapo Truetrac ya Eaton, Quaife na wengineo wenye mipango inayofanana. Ndani yake hakuna sahani. Kuna gia zenye meno ya mshazari ambazo, torki ikiongezeka, husukumwa dhidi ya kuta za kasha (ganda linalobeba gia za difu) na msuguano huo ndio unaobana. Gurudumu linaloteleza likihimili kiasi fulani cha torki, difu hii inampa mwenzake mara mbili, mara mbili na nusu, hata mara tatu na zaidi ya kiasi hicho, kulingana na ilivyotengenezwa. Huisikii ikifanya kazi. Usukani unakuwa mzito kidogo tu unapovuta, na kwa magari ya foo-wili ya muda wote ndiyo ningeitafuta kwanza.

Udhaifu wake ni wa hesabu. Gurudumu likiwa hewani linahimili sifuri, na sifuri mara tatu ni sifuri. Baadhi zina springi za mbano zinazosaidia kidogo, lakini dawa ya kweli ni mguu wa kushoto: gusa breki taratibu huku ukiendelea na mafuta. Breki inalipatia gurudumu la hewani kitu cha kupambana nacho, difu inakizidisha na kumpelekea mwenzake, na gari linatambaa. Huhitaji kukanyaga kwa nguvu. Mguso wa kuanza kuhisi breki zinashika unatosha. Mafuta yake ni ya gia ya kawaida, bila kiongezo cha difu za sahani, kwa sababu kiongezo hicho kinapunguza msuguano uleule unaoutegemea.

Loka ya kujifunga yenyewe hufanya kazi kwa meno yanayokutana uso kwa uso. Ukivuta, meno yameshikana na magurudumu yote mawili yanakwenda sawa. Ukikata kona, gurudumu la nje likitaka kwenda haraka zaidi, meno ya upande huo yanaruka na unasikia "trrr" kutoka chini. Ziko za aina mbili. Kubwa, kama Detroit Locker, zina kasha lake lenyewe na ni imara sana. Ndogo, kama Lock-Right na Aussie Locker, huchukua nafasi ya gia ndogo ndani ya kasha lako la zamani. Hizi ndogo zina sifa inayowavutia wengi, nami nakubaliana nao: huhitaji kugusa mpangilio wa krauni na pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni), na mtu mwenye zana za kawaida na uvumilivu anaweza kuifunga mwenyewe. Lakini uimara wake ni uimara wa kasha na pini ya kiwandani, hauzidi hapo.

Loka ya kujifunga, mbele, ni nzuri kwa mtu mmoja: mwenye habu za mkono, gari la kuingiza foo-wili, na njia zake ni mawe au mchanga. Akifungua habu ni kama haipo. Akizifunga na kuingiza foo-wili, usukani utapigana naye. Kila akivuta utataka kunyooka, na kona utaikata kwa upana zaidi. Njia ya kuishi nayo ni kukata kona bila mafuta mengi, ili meno yapate nafasi ya kuruka.

Halafu kuna loka ya kuwasha na kuzima. Ikizimwa ni difu wazi ya kawaida. Ikiwashwa ni chuma kimoja. ARB ya Australia hutumia upepo, Eaton ana ya umeme, na OX ina inayoweza kuvutwa kwa kebo. Viwanda vyenyewe vimezifunga mbele kwenye baadhi ya magari: Mercedes G-Class, Land Cruiser za mfululizo wa 70 na 80 zilizoagizwa nazo, na Jeep Wrangler Rubicon tangu mwaka 2003. Kwa ekseli ya mbele hii ndiyo bora kuliko zote, na sababu ni moja: unaifunga kwa mita tano unazozihitaji, kisha unaufungua usukani wako tena. Ina gharama zaidi, ina kazi zaidi ya kuifunga, na ina vitu zaidi vya kuharibika. Ya upepo inahitaji kompresa, mpira wa hewa, na sili ndani ya difu. Ukiona mafuta ya gia yanatoka kwenye vali ya upepo juu kwenye injini, sili ya ndani inavuja. Ya umeme haina kompresa, lakini zile zinazofunga kwa gololi na mteremko huachia kwa kitambo kifupi unapobadili mwelekeo kutoka mbele kwenda nyuma, kisha hushika tena. Ukijaribu kujinasua kwa kwenda mbele na nyuma utalihisi. Ya kebo ni rahisi kuielewa na huwezi kuiua kwa fyuzi iliyoungua, ila njia ya kebo lazima isipinde kwa ukali.

Kabla hujalipa chochote, jua pia kama gari lako lina mfumo unaotumia breki za ABS kulizuia gurudumu linaloteleza. Kimsingi ule mfumo hukanyagia breki gurudumu moja kwa niaba yako, na kwenye difu wazi au ya gia za mshazari unafanya kazi vizuri. Baadhi ya magari yenye mfumo mzuri wa aina hii hayahitaji kitu mbele hata kidogo.

Hatua ya 5: Mbele kwanza, au nyuma?

Ubishi huu hauishi. Ukipanda mlima uzito unakwenda nyuma, kwa hiyo ekseli ya nyuma ndiyo yenye mshiko wa kutumia, na shafti za nyuma hazina jointi za kupinda. Kwa hilo, mtu wa kuweka kifaa kimoja tu ninamwambia aanze nyuma. Upande wa pili wana hoja ya kweli: loka ya mbele inalivuta gari kupanda juu ya kizuizi wakati ya nyuma inalisukuma kukigonga. Kama una loka ya kuwasha moja tu, shafti za mbele ni nzito, na nyuma tayari pana difu ya sahani ya kiwandani iliyo nzima, basi mbele ni uamuzi wenye akili.

Hatua ya 6: Hakikisha inaingia

Makosa ya kuagiza hutokea hapa. Unahitaji vitu vitatu mkononi: jina kamili la ekseli, uwiano wa krauni, na idadi ya meno ya shafti.

Uwiano una maana kwa sababu ekseli nyingi zina makasha mawili tofauti. Dana 44, mojawapo ya ekseli za kampuni ya Dana, ina kasha moja kwa uwiano wa 3.73 kushuka chini na jingine kwa 3.92 kupanda juu. Kwenye Dana 30 mpaka uko kati ya 3.54 na 3.73. Kwenye Dana 60 uko kati ya 4.10 na 4.56. Ukinunua kasha la upande usio wako, krauni haitaifikia pinioni au itagongana nayo. Hesabu meno ya krauni, gawanya kwa meno ya pinioni. Usiamini kibandiko cha mlangoni kama gari limepita mikono mingi. Na kama una nia ya kubadili uwiano baadaye kwa sababu ya tairi kubwa, fanya yote kwa pamoja, maana kazi ya kupanga krauni ni ileile na utailipia mara moja.

Meno ya shafti nayo hayasamehe. Dana 30 ya Wrangler TJ ina 27, Dana 44 ya mbele kwa kawaida ina 30, Dana 60 nyingi zina 35. Pia uliza kama ekseli yako ina pinioni ya juu. Ekseli za namna hiyo zina krauni iliyochongwa kinyume, na vifaa vingine vina toleo lake. Kumbuka tena kwamba difu ya mbele ya gari la springi za kila gurudumu kivyake mara nyingi si ndugu wa ile ya nyuma, hata kama jina kwenye tangazo linafanana.

Hatua ya 7: Kufunga

Loka ndogo inayoingia kwenye kasha la zamani unaweza kuifunga nyumbani. Pima pengo kati ya nusu zake mbili kwa fila (vibao vyembamba vya kupimia pengo), kama kitabu cha kifaa kinavyosema. Likiwa nje ya kipimo, kasha lako limechakaa au sahani za nyuma ya gia zimekwisha, na usilazimishe.

Kifaa chenye kasha lake ni kazi ya fundi anayejua difu, mwenye saa ya kupimia (geji yenye mshale). Beringi mpya, mbano wa pinioni, kisha ulegevu kati ya krauni na pinioni. Kwa ekseli nyingi za Dana ni kati ya milimita 0.15 na 0.25. Mwombe akuonyeshe alama ya rangi kwenye meno kabla hajafunga kifuniko. Alama nzuri inakaa katikati ya jino, haijapanda kileleni wala kuzama shinani. Fundi mzuri atafurahi kukuonyesha. Ukiona anakwepa, peleka ekseli kwingine.

Kwa loka ya upepo, mpira wa hewa uupitishe mbali na bomba la moshi na uuache na urefu wa ziada wa kutosha ekseli ishuke hadi mwisho bila kuuvuta. Swichi iweke mahali ambapo mkono hauwezi kuigusa kwa bahati mbaya kwenye mwendo wa barabara kuu.

Hatua ya 8: Siku za kwanza

Krauni na pinioni zikiwa mpya, endesha kwa upole kilomita 800 za kwanza, usivute mzigo, uache difu ipoe baada ya safari fupi za mwanzo, kisha mwaga mafuta. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Chembe unazoweza kuzishika kwa kucha si kawaida, fungua kifuniko.

Jifunze kifaa chako mahali tambarare pa udongo mlegevu, kabla ya mahali pa hatari. Nenda polepole, kata kona ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa, na uhisi mkononi usukani unavyobadilika. Usiiwashe gurudumu likiwa tayari linazunguka kwa kasi. Simama, washa, subiri ishike, kisha ondoka taratibu. Ikikataa kuzima baada ya kizuizi, shafti zimejisokota. Rudi nyuma mita moja na usukani umenyooka, nayo itaachia. Na hata kama miezi inapita bila safari ya porini, iwashe na kuizima mara chache kila mwezi kwenye udongo, kwa sababu uma na kola zinazokaa bila kusogea hunasa, na utaligundua hilo siku ile gurudumu la mbele liko hewani.